Leo nimewaozesha watumishi wote mke wa bosi

Leo asubuhi nimewaozesha watumishi wote wa ofisi yetu mke mmoja. Mke wa bosi.

Msicheke kwanza.

Nilikuwa namwonyesha bosi wetu, Mzee, kazi yangu kwenye kompyuta mpya, ile iliyoipokonya taipureta meza. Unafungua fomu ya mtumishi, unabonyeza kitufe, inafunguka fomu ya mwenzi wake.

Nikafungua ya dereva. Mwenzi: Mama Anitha.

Nikafungua ya mlinzi wetu anayekaa Miyuji, ambaye hata hajaoa. Mama Anitha!

Kumbe nilisahau kuziunganisha fomu kwa namba ya mtumishi, kwa hiyo kila ukibonyeza inakuja rekodi ya kwanza. Na ya kwanza, kwa heshima, tuliingiza ya bosi.

Mzee akasema, "Hebu fungua yangu."

Mama Anitha.

"Mbona yangu iko sawa? Rekebisha hizo nyingine."

Nimeshinda nayo njaa. Saa tisa nikamwita Mzee. Dereva, mkewe. Mlinzi, patupu. Safi kabisa.

Nikafungua ya Mzee. Chini ya jina la Mama Anitha pameandikwa: rekodi 1 kati ya 2.

Na Mzee ni mzee wa kanisa, jamani.

Mama Chiku wa masijala, aliyeziingiza rekodi zote, akajitetea kabla hajaulizwa: "Mzee, mimi nimenakili faili tu. Mwandiko ni wako."

Mzee akavaa miwani. Akavua. Kisha akaniambia kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Kijana, kwani ile ya asubuhi ilikuwa na ubaya gani?"