Tairi za Lori la Binti Yangu

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Wenzangu sokoni Kitale wananicheka ati nina roho ya kuku, wacha wacheke. Kazi yangu ni kutengeneza viatu vya akala, na akala hutoka kwa tairi zilizokufa. Watu wengine huijua tairi ikiwa nzima, mimi naijua ikiwa maiti. Naipasua, naona kilichoiua. Wanaoniletea hawasemi zimetoka wapi, nami siulizi. Siku moja nilikuta uzi wa sweta nyekundu umenasa katikati ya meno ya tairi. Ile sikuikata. Niliibingirisha hadi nyuma ya kibanda, na mpaka leo iko pale, nyasi zimeota katikati yake.

Sasa mtu kama mimi, Mungu akampa binti dereva. Tena si dereva wa kigari. Ni lori kubwa la safari, lile lenye vitanda mgongoni na ngazi ya kupandia, la kubeba wageni wanaotaka kuona Turkana mpaka kule barabara inakoishia na mawe yanaanza. Kila akiondoka, chakula hakinishuki kooni. Akifika hupiga simu: "Barabara iko poa, Baba, hakuna shida." Maneno ni yale yale kila safari, mpaka nikaanza kuyaogopa yenyewe.

Mwenye lori alimwambia achague tairi mpya mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayezikalia. Akanijia kibandani amevaa slipa za plastiki, na nilipoziona hasira zikanirudia. Nilikuwa nimemtengenezea akala nzuri, nikampima unyayo kwa chaki, halafu safari iliyopita akarudi na ya kulia tu. "Ile nyingine imeenda na mto, Baba," aliniambia. Nilimfokea siku hiyo, mtu mzima kupoteza kiatu kama mtoto wa nasari! Yeye alicheka tu.

"Twende Bungoma," akasema. "Si wewe unajua tairi?"

"Najua zilizokufa."

"Basi utaniambia zilikufa na nini."

Nilipanda lile lori nikishika kila kilichoshikika. Tulipopita Kabuchai, trekta ya miwa ilikuwa imezama kwenye tope hadi kwenye ekseli, na wanaume wameizunguka wanasifu tairi zake. "Cheki meno hayo, bana!" Imekwama, na bado wanaisifu. Ndivyo tulivyo sisi watu wa tope. Kwetu tairi ni meno. Mkulima wa kwetu akienda kununua, huchomeka kidole katikati ya meno, na kidole kikizama chote, amemaliza kuchagua. Hatuna kipimo kingine.

Duka la tairi lilikuwa karibu na msikiti, na mwenyewe alikuwa mzee Mwislamu, mpole, wa rika langu. Alituonyesha aina mbili. Za kwanza zilikuwa na meno makubwa kama nusu mkate, yameachana, yanang'aa. Binti yangu akazipigapiga akitabasamu. Za pili hazikuwa na sura. Meno yake yalikuwa mafupi, yamebanana, ila ubavu wake ulikuwa mnene kama ukuta.

"Zote ni mpya na zote ni imara," mzee alisema. "Ni shauri ya njia yako, mwanangu." Adhana ikalia. Akatuambia tuangalie kwa nafasi yetu, akaenda kuswali, akatuacha na duka lake lote.

Nilichomeka kidole kwenye zile za kwanza. Kikazama chote. Kidogo niseme tuchukue hizi, kisha nikakumbuka. Zile maiti nilizoletewa kutoka kaskazini, karibu zote meno yalikuwa mazima. Ubavu ndio uliochanika. Jiwe lilianza, joto likamalizia. Nikazunguka tena, nikabonyeza, nikanusa, nikarudi.

"Baba, mchagua jembe si mkulima," akanitania.

"Chukua hizi mbaya."

"Na nikikuta tope?"

"Utakwama. Utanipigia simu unitukane."

"Na nikichukua hizi nzuri, nikute mawe?"

Nilibonyeza ubavu wa zile nzuri, ukabonyea. Aliniangalia usoni, akaacha kutabasamu, na mzee aliporudi kutoka msikitini akamwambia atufungie zile mbaya. Hapo ndipo woga wangu ulipoongezeka. Zamani, tairi ikipasuka ningelaumu barabara. Sasa ikipasuka, ni mimi niliyechagua.

Tulirudi na tairi kuukuu zimelala nyuma ya lori. Akanishushia mlangoni pa kibanda. "Hizi ni zako, Baba. Lakini hii moja ya pembeni achana nayo, haina faida." Asubuhi akaenda zake kaskazini na wageni wake.

Kumwambia mtu wa akala aachane na tairi ni kama kumwambia paka aachane na samaki. Na nilihitaji kitu cha kushika mikononi, maana simu ilikuwa kimya. Nikaivuta ile isiyo na faida. Ubavuni ilikuwa na mpasuko mrefu kuliko kiganja changu, umetoboka mpaka ndani. Tairi ya namna hiyo haitembei. Nikaingiza mkono kupapasa, na vidole vikagusa kitu kilichoshikamana pale kwenye mpasuko, kimewekwa kuzuia mpira wa ndani usitokeze nje. Nikakibandua kwa kisu.

Ilikuwa akala. Mikanda imekatwa, imebaki soli. Ya mguu wa kushoto. Misumari ni yangu, naijua ninavyoikunja, na alama ya kidole gumba chake ilikuwa bado imebonyea pale mbele. Nikakaa chini vumbini. Alitoka Turkana mpaka Kitale juu ya kile kipande, mguu mmoja peku, akanipigia simu akasema barabara iko poa. Na mimi nikamfokea kwa sababu ya kiatu.

Simu ililia jua likiwa linateremka.

"Tumefika, Baba. Barabara iko poa, hakuna—"

"Akala yako nimeipata."

Nilisikia upepo wa huko.

"Uliogopa?" nikamuuliza.

"Sana, Baba. Nililia njia nzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekula lini?"

Nilifunga kibanda, nikaenda nyumbani, nikasonga ugali, nikakaa mbele yake. Kisha nikala wote.