Askari wa Sufuria

Bi Mabruka hakuwahi kutazama sinema kimya, na anayetaka kimya asikae karibu naye. Kwao Unguja, siku za sinema ya wanawake, alikuwa akiingia na mama yake na mashangazi wasiojua hata neno moja la Kiingereza, naye kigori wa skuli ndiye mfasiri wao: huyu kasema hivi, yule kamjibu vile, na huyo mwenye masharubu msimwamini, mwongo huyo. Akisahau neno, analitunga. Akichoshwa na maneno ya wazungu, anawatilia ya kwake mdomoni, na mashangazi wanatoka mle ndani wamelia wakaridhika. Tabia hiyo alikuja nayo mpaka Ibra, bara ya Omani, na huko Ibra ndiko ilikomfaa mtu.

Alifika mwaka wa sabini na mbili, yeye na mumewe Harub na watoto wao, katika nyumba ya ukoo ambayo haikukaliwa tangu babu yake Harub alipohama. Milango imeliwa na mchwa, dari inamwaga mchanga. Kiarabu cha Mabruka kilikuwa cha msahafu na cha salamu; akiomba chumvi, majirani wanatazamana. "Wazinjibari wamekuja," wanawake wakasemezana nyuma ya ukuta. Hawakusema kwa ubaya, lakini pia hakuna aliyebisha hodi, ila mmoja. Aliingia mwanamke mrefu, mkononi ana sinia la mkate na samli, akamkuta Mabruka amekaa juu ya sanduku analia.

"Mie Wadha," akasema kwa Kiswahili cha kuvunjavunja, maana mama yake aliwahi kukaa Pemba. "Nyumba yangu na yako ukuta mmoja. Kula kwanza, utalia baadaye."

Basi tangu siku ile Wadha akawa dada yake. Alimwonyesha pa kuteka maji ya kunywa kwenye mfereji wa falaji na pa kufulia nguo, alimfundisha ni bibi yupi abusiwe kichwa kwanza kwenye harusi, akampigania kwa wachuuzi waliotaka kumlalia kwa bei. Mtoto wa mwisho wa Mabruka aliposhikwa na homa, Wadha ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati mpya, na huko huko akamweleza daktari wa Kihindi kwa vidole na macho kwamba huyu mwenzangu anajua Kiingereza, mpe kazi. Akapewa. Akawa anawafasiria wanawake maradhi yao, na mshahara wake ndio uliotengeneza ile milango. Kila akiufungua mlango wake alikuwa akimwombea Wadha dua, na alijiuliza atamlipa nini mtu kama huyu, ambaye hana haja ya kitu.

Haja ikaja. Wadha alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Musallam, naye akaandikishwa jeshini akapelekwa kusini, kwenye vita vya Dhofari. Kuandika hajui. Habari zake zilikuwa salamu tu, zinaletwa na askari wanaorudi likizo: mzima, anakusalimu. Wadha huwauliza swali moja, "Anakula nini?" Nao hucheka: "Anakula, mama, anakula." Sasa hilo ndilo jibu gani?

Wadha akaacha kula cha moto. Hakutangaza, wala hakuapa mbele ya mtu. Aliacha tu. "Sijui kama mwanangu anapata chakula cha moto," alisema siku Mabruka alipombana, "mie nitakipitisha kooni vipi?" Akawa mtu wa tende na maji. Mabruka alimpikia pilau, akambembeleza, wakagombana mpaka wakanuniana. Daktari alimpa vidonge, akavipanga dirishani. Nguo zikaanza kumpwaya, mikono ikabaki mifupa, na alipoinama falajini ilibidi ashike ukuta ndipo ainuke. Mabruka akaona waziwazi kwamba Musallam atarudi na mama hatamkuta.

Wakati huo kampuni iliyokuwa ikijenga barabara ilikuwa na kambi yake nje ya mji, na mhandisi wao alikuwa na mashine ya sinema. Akawaonyesha wanaume picha kwenye ukuta wa skuli, na wanaume wakarudi majumbani hawana la kusema ila hilo. Mabruka akapandwa na hasira. "Sisi Unguja tulikuwa na siku yetu, sisi!" Alikwenda akasema na mwalimu mkuu, akasema na mhandisi, akasema na waume za watu, mpaka wakamkubalia ili awape nafasi ya kupumua. Ikawa Alhamisi baada ya alasiri. Madirisha ya darasa yakatundikwa mablanketi. Na kwa kuwa fundi wa mashine ni mwanamume, Mhindi mmoja mpole wa Malabari, mashine ikawekwa nje ukumbini, inapiga mwanga kupitia tundu la juu ya mlango, ili yeye asione kitu ila mgongo wa mlango na kikombe chake cha chai.

Shabaha ya Mabruka ilikuwa kumtoa Wadha nyumbani, asahau japo kidogo. Picha yenyewe hakuijua ni ya nini. Mwanga ulipopiga ukutani wakatokea watu wenye bunduki. Lahaula! Vita! Akamshika Wadha mkono waondoke.

"Niache," Wadha akasema. "Hao askari? Nataka kuwaona."

Ilikuwa picha ya Wamarekani wa zamani, siku walipompiga mfalme wa Waingereza. Upande mmoja makoti mekundu, upande mmoja makoti ya buluu, suruali nyeupe, vifungo vinang'aa, na mbele kijana anapiga ngoma. Mabruka akaanza kazi yake, Kiswahili kwa waliotoka Afrika, na Kiarabu chake cha kuunga kwa wenyeji.

"Mbona wamesimama wima mstari mzima?" Wadha akauliza.

"Ndivyo walivyokuwa wakipigana."

"Kwao hakuna majabali?"

"Yapo, si hayo nyuma yao!"

"Basi wajifiche! Hawa hawana mama zao?"

Darasa zima likacheka, maana Ibra hata mtoto anajua kuwa bunduki hupigwa nyuma ya jiwe. Na ngoma je, harusi ya nani? Na yule aliyepigwa risasi ya kifua, shati halijaingia hata vumbi, kalala mapajani mwa mwenzake anahutubu juu ya uhuru, hamalizi! "Mume wangu akishikwa na mafua hawezi kuomba maji," akasema Mahfoudha, jirani mmoja mwenye ulimi, "na huyu kifua kimetoboka anatoa hotuba!" Wanawake wakagongana mabega kwa kicheko.

Wadha hakucheka. "Mabruka," akasema taratibu, "wanakula saa ngapi?"

Mabruka akatazama, na kweli. Watu wale walikuwa wamevuka mito, wamelala kwenye theluji, wamebusu bendera, wameagana na wachumba, na hakuna hata mmoja aliyetia kitu mdomoni. Akawakasirikia waliotengeneza ile picha. Watu wamenunua farasi wote wale na vifungo vyote vile, wakashindwa kununua mkate! Wanadhani shujaa akionekana anatafuna atapungua ushujaa. Na hapa kakaa mama mzima, amekonda kwa ajili ya swali hilo hilo, na picha haina habari naye.

Ukutani akatokea jemadari mbele ya hema lake, mkono kiunoni, anasema maneno mazito. Nyuma yake, pembeni kabisa, pana moto. Juu ya moto sufuria. Mtu mmoja amegeuza mgongo anakoroga, na mwingine amekaa amejikunyata. Bila shaka waliwekwa pale kujaza nafasi tu. Mabruka akawadaka.

"Muacheni huyo jemadari, anaropoka," akasema kwa sauti. "Tizameni pembeni kule. Chakula kinapikwa."

"Wapi?" Wadha akasogea mbele kwa magoti.

"Pale, huyo aliyetupa mgongo. Kila jioni ndiye anayewapikia wenzake. Leo kapata mbuzi."

"Ametia kitunguu?"

"Ametia. Na bizari."

"Chumvi imekaa?"

"Imekaa vizuri. Na huyo aliyejikunyata ni mdogo wao, ametoka zamu, baridi imemwingia mpaka kwenye meno. Mwenzake kampa blanketi lake mwenyewe. Sasa anamwambia: kula, ndugu yangu, kula kingali moto. Mama yako akija kuniuliza, nitamjibu nini?"

"Na jemadari anasema nini?" Mahfoudha akapiga kelele.

"Hana la maana!"

Wadha akajifunika uso kwa shela yake, mabega yakamtikisika, wala hakutaka kuguswa. Baada ya magharibi Mabruka alikuwa jikoni, akasikia harufu ya kitunguu kinakaangwa upande wa pili wa ukuta. Akakaa chini hapo hapo, mwiko mkononi, akamshukuru Mungu mpaka wali ukaungua.

Kampuni haikuwa na picha nyingine ya kuwafaa wanawake, na wanawake wenyewe hawakutaka nyingine. Alhamisi kwa Alhamisi ni jemadari yule yule, na askari wa sufuria akazidi kunenepa mdomoni mwa Mabruka. Akapata dada wawili na shamba la tende. Akapata mbinu za kuficha sukari. Siku moja fundi aliruka kipande kile kwa bahati mbaya, akapigiwa ukelele mpaka chai ikammwagikia. Stelingi wa picha, yule mzuri mwenye farasi mweupe, hakuna aliyemjali tena. Kafa, hakufa, shauri yake.

Wadha hakuwa mjinga. Alijua wale ni wazungu wa zamani na kwamba Mabruka anaongeza chumvi. Lakini alikwisha kukata shauri kuwa kila askari ana mwenzake wa namna ile, na kwamba Musallam anaye wa kwake. Akarudi kuwa na mashavu. Na kila akimaliza kusali alisikika akisema, "Ya Rabbi, mhifadhi mwanangu Musallam, na mwenzake wa sufuria."

Dua hiyo ilimnyima Mabruka raha. Harub, mumewe, hakumsaidia. "Na huyo kijana akirudi," alimuuliza, "akasema hapakuwa na mwenzake wala sufuria? Mama wa watu utamtazama na uso gani?"

"Arudi kwanza," Mabruka akajibu, na alimaanisha.

Akarudi. Vita vilikwisha, na Musallam akaingia Ibra ameungua kwa jua, mwembamba, sikio moja halisikii vizuri. Vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi wakakimbia. Mabruka alikuwa anamimina kahawa wakati Wadha alipomshika mwanawe uso kwa mikono miwili, mbele ya wanawake wote, akamuuliza:

"Na mwenzio yu wapi? Yule wa sufuria?"

Mabruka akaliweka chini dele la kahawa. Musallam akamtazama mama yake. Akawatazama wale wanawake, wote wanangoja kama walivyokuwa wakingoja darasani. Hakuelewa, na ilionekana hakuelewa. Kisha akasema, "Anakusalimu, mama."

Baada ya siku kidogo, asubuhi Harub akiwa yupo, Musallam alibisha hodi kwao. Harub alimkaribisha, akaona uso wa kijana, akajitia kwenda kutazama mitende. Mabruka hakungoja kuulizwa.

"Nisamehe, mwanangu. Ni uongo wangu. Ilikuwa picha ya ukutani tu, na mama yako alikuwa anakufa kwa njaa."

"Nimeshaambiwa yote, Khalati, mama yangu mdogo." Alikaa mkekani, akakizungusha kikombe mkononi. "Kule kusini nilikuwa na hofu moja kubwa kuliko risasi. Nilikuwa nikifikiri, nikirudi mama ataniuliza ilikuwaje, nami sitaweza kumwambia. Nimerudi namkuta ana afya, anacheka, na amekwisha jibiwa. Mungu akulipe. Mie sina cha kukulipa."

Mabruka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Yeye aliyeingia mji huu akalishwa kabla ya kuulizwa jina, leo anashukuriwa!

"Sufuria haikuwapo," Musallam akaendelea. "Tulikula vya kopo, baridi, kwa vidole, vikipatikana. Lakini mwenzangu alikuwapo. Khelef, kwao Tiwi, pwani yetu ya Omani. Blanketi pia ni kweli, alinipa la kwake."

"Na sasa yuko wapi, mwanangu?"

Musallam akakiinamia kikombe.

"Kila baada ya sala mama anamwombea," akasema. "Hajui jina lake, hajui kuwa anamwombea maiti. Mie nakaa nyuma yake naitikia amin." Akakiweka kikombe chini. "Khalati, katika hadithi yako, yeye hafi?"

"Hafi."

"Hata mwisho?"

"Hata mwisho. Nimeitazama mpaka naijua kwa moyo. Wanakufa wenye vifungo na wenye farasi, yeye hafi."

"Basi nisimulie na mie."

Mabruka akavuta mkeka, akakaa mbele yake, akajikohoza. Hakumtaja jemadari, wala bendera, wala ngoma. Akaanzia kwenye moto.