Ramani Iliyoliwa na Mchwa

Shangazi yangu hamwamini mtu. Hata mimi aliyenibeba mgongoni, nikiondoka kwake anahesabu vijiko. Nadhani ndiyo sababu maktaba ya mji ilimkabidhi chumba cha ramani za kiwanda cha nguo, kile kilichofungwa zamani kikatuachia dohani na safu za nyumba za wafanyakazi. Humo ndani unapewa ramani moja moja, kalamu unaiacha mlangoni, na ukikohoa tu anaifunika ramani.

Basi akaja mtafiti mmoja, tukambatiza Miwani. Alisema anaandika historia ya mji. Akaomba ramani ya jengo la kusokotea nyuzi, akapewa. Ya bwawa, akapewa. Siku alipoomba ya safu ya mwisho ya nyumba, machale yakamcheza shangazi. Nyumba yake iko safu hiyo, na hana kingine duniani.

"Hiyo imeliwa na mchwa," akasema.

"Yote, mama?"

"Mchwa hawabakizi, mwanangu."

Jioni akaiviringisha ndani ya shuka, akaenda kuificha darini kwake. Kesho yake akamkuta Miwani mbele ya mlango wake, anapima mtaa kwa hatua.

"Umeona?" akanambia. "Anapima kaburi langu."

Nikamwambia aache kutafuta mchawi. Akaninunia wiki nzima.

Kumbe Miwani alikuwa anakusanya ushahidi ili manispaa isibomoe nyumba za kale. Safu zilizokuwa na ramani zikasalimika. Ya shangazi, ambayo haikuwa na ramani, ikapigwa alama ya kubomolewa. Nilikasirika, nikamhurumia, nikakasirika tena.

Tukakimbilia ofisi ya ardhi, ramani kwapani. Afisa akaitandaza mezani, akampandisha shangazi na kumshusha kwa jicho ninalolijua tangu utotoni, lilelile la shangazi akihesabu vijiko.

"Mama, mtafiti ameandika kwamba hii ililiwa na mchwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia. Leo imefufuka?"

"Niliificha."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumba hiyohiyo unayoitetea?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Sasa nitajuaje kama hukuichora mwenyewe?"

Shangazi akanitazama. Akashika ukingo wa meza.

"Niamini, baba," akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwomba mtu hivyo.

Afisa akaiviringisha ramani taratibu, akamrudishia bila kuigonga muhuri.