Paa la Bure la Shule Yetu

Enzi zetu shule haikungoja kimbunga kiondoe paa. Mkutano wa wazazi ulitosha. La kwetu, pale Ujiji, lilianza kuezuliwa Jumamosi moja, saa nne kasoro robo asubuhi. Madarasa yalikuwa yamewalaza wakimbizi wa Burundi kwa miezi, na walipohamishiwa kambini wafadhili walitushukuru kwa mabati mapya. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba yale ya zamani, mazito, ya kijivu, ni ya atakayewahi.

Tuliwahi. Hakuna aliyetamka neno asbesto. Tuliyaita mabati ya saruji, na sifa zake tulizijua: hayashiki kutu, hayaungui, chini yake kuna ubaridi. Wanawake wa Kibirizi waliyataka ya kuanikia dagaa, maana dagaa wasio na mchanga walikuwa na bei nzuri. Jirani mmoja alijengea banda la bata. Baba, seremala wa Kasingirima, ndiye peke yake aliyekuwa na msumeno wa kuyakata bila kuyapasua, kwa hiyo alipanda cheo siku hiyohiyo. Alikata mpaka jioni, kisha akaendelea kwa miaka, kila palipoezuliwa jengo la zamani.

Mpangaji wetu Mama Jeanine, mkimbizi mwenye mdomo kuliko wenyeji, alimkuta Baba jioni ile amekuwa mweupe kwa vumbi, kichwa hadi kope.

"Yampayinka!" alimaka kwa Kirundi. "Asubuhi nimekuacha kijana. Sasa shikamoo, babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Niletee maji."

Mama alilikung'uta shati la Baba uani, karibu na sufuria ya ugali.

Sisi watoto vipande vilikuwa chaki yetu. Vingine tulivitupa motoni, tukajificha nyuma ya ukuta kungoja vilipuke, pa! Vijana wa leo, wasiokula embe kabla ya kulipiga picha, huniuliza tulichezaje bila simu. Tulichezea kitu ambacho leo mtu hukikaribia amevaa barakoa na nguo zilizomziba mpaka vidole.

Bwana afya naye alikuja, mgeni aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine. Alisimama upande upepo unakotokea, leso puani, akalitazama vumbi, akasaini karatasi, akaondoka.

"Huyo mayai, vumbi tu linamtisha," Mama alisema, nasi tukamcheka wiki nzima.

Baadaye nilijisomea. Asbesto ni mwamba unaochambuka nyuzi kama katani. Viwanda viliupenda kwa kuwa ni rahisi na hauungui, vikaupaka kwenye boila, vikautia kwenye breki, mabomba na mapaa. Nyuzi zake ukizivuta, mapafu hayana namna ya kuzitoa. Hukaa kimya miaka mingi, ndipo hudai deni lake. Wenye viwanda walijua kabla ya wafanyakazi wao, wakaendelea kuuza. Basi ile leso haikuwa mayai. Ilikuwa elimu, ila ilitosha pua moja.

Sasa Baba hutoka kitandani, akafika mlangoni, akaegemea mwimo kwanza. Daktari alipoiona picha ya kifua chake alimwuliza, "Mzee, uliwahi kufanya kazi kiwandani?"

"Kiwanda gani, Kigoma hii?" Baba akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Daktari aliniambia nje kwamba makovu yale ya mapafuni hayafutiki. Tutamsaidia apumue tu.

Shule ile leo ina bati jembamba. Mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza, na mchana watoto huiva kama mihogo. Enzi zetu mvua ilipita juu kwa upole, tukasinzia kwenye ubaridi, na hadi leo nautamani ubaridi ule, ingawa najua nilichokuwa nalala chini yake. Watoto hawa wanatoka jasho na kulalamika. Walalamike tu, maadamu wana pumzi ya kulalamikia.

Mwisho wa mwaka ule mwalimu mkuu alisimama mbele ya wazazi akatoa hesabu: kwa kugawa mabati badala ya kukodi lori na kuchimba shimo la kuyafukia, shule imeokoa fedha. Baba ndiye aliyeanza kupiga makofi. Zilikuwa shilingi laki moja na elfu ishirini.