Sikio Zima la Mtu wa Kianjai

Kwa majuma matatu sikulala vizuri kwa sababu ya sikio. Halikuwa langu. Lilikuwa sikio la kushoto la mwanamume aliye kwenye picha iliyotundikwa sebuleni kwa cucu, nyanya yangu mzaa baba, hapa Manyatta. Sote tulimjua kuwa ni kaka yake cucu, komando aliyekwenda Burma kupigana na Wajapani na hakurudi. Sikio hilo lilikuwa zima. Na cucu, tangu nipate akili, ametusimulia jinsi ndewe ya kaka yake ilivyochanika.

Hadithi yenyewe ni fupi. Zamani vijana wa Embu walitoboa masikio na kutanua ndewe kwa vijiti mpaka zikaning'inia. Siku moja kaka yake alikuwa akimzuia beberu asiingie kwenye shamba la wimbi, pembe ikanasa kwenye ndewe ya kushoto, beberu akaruka. Ndewe ikabaki vipande viwili, na watoto wa boma wakaonywa wasicheke. Cucu alikuwa na miaka mitano au sita kaka yake alipoandikishwa jeshini. Anakiri kwamba uso wake haukumbuki. Anachokumbuka ni ndewe, kwa sababu alipobebwa mabegani ndiyo aliyokuwa akiishika asianguke.

Mimi ni mtoto wa tatu wa kiume. Wa kwanza kwetu alipewa jina la baba wa baba, wa pili jina la baba wa mama, kama desturi ilivyo, na jina langu likatoka kwa huyo askari. Ndiyo sababu cucu huniita kaka. Mgeni akiingia huelekezwa kwanza kwenye picha, kisha kwangu. "Angalia hiyo pua. Angalia hayo macho." Mgeni huangalia na kukubali, kwani chai bado haijaletwa. Nilipokuwa sekondari nilijifunza kusimama kama yule mtu, mguu mmoja mbele, kidevu juu.

Nilimaliza chuo mwaka juzi na shahada ya takwimu. Kazi sijapata, na mtu asiye na kazi hupewa za wengine. Najaza fomu za majirani, nachapa wasifu wa marehemu, napunguza picha ziingie kwenye tovuti za serikali. Kwa hivyo baba mkubwa alipopanga ibada ya shukrani ya ukoo, bango likawa langu.

"Komando awe katikati," alisema. "Mkubwa. Sisi wengine utuweke pembeni kama vifaranga."

Nilipiga picha ile kwa simu nikaikuza kwenye kompyuta. Anaonekana amesimama mbele ya miti, kofia ya ukingo mpana, kaptura, kisu kirefu kiunoni. Anatazama mbele moja kwa moja, masikio yote mawili nje. Ndewe zote mbili nzima, za kawaida, hata tundu hakuna.

Mtu mwingine angefunga kompyuta akala chakula. Mimi nilianza kufikiria. Labda picha ilichapishwa kinyume, kushoto kukawa kulia. Lakini kulia nako hakujachanika. Labda daktari wa jeshi alimshona. Labda mpiga picha alisahihisha kwa brashi. Labda cucu, aliyekuwa mtoto mdogo, alichanganya kaka yake na mtu mwingine wa boma. Niliandika hizo labda zote kwenye jedwali na kuipa kila moja uzito wake, uzito ambao nilijitungia mwenyewe, halafu nikakasirika kwamba jedwali halinipi jibu.

Kuna kundi la watu kwenye simu ambao kazi yao ni kutambua askari wa zamani katika picha za familia. Niliwatumia. Wa kwanza alisema huyu si komando, ni dereva wa lori. Wa pili akasema ni komando bila shaka, tazama kisu, tazama kwamba hana alama yoyote begani, hao hawakuvaa alama. Wa tatu akauliza kama picha inauzwa. Waligombania kisu siku mbili nzima, mmoja akamwambia mwenzake akalale. Kuhusu sikio hakuna aliyenijibu.

Niliamua kuipiga tena bila kioo, maana kioo kilikuwa kinarudisha mwanga. Cucu alikuwa amekwenda kanisani. Niliteremsha fremu, nikang'oa misumari minne midogo, nikatoa kipande cha katoni ya sabuni kilichowekwa nyuma. Picha ilikuwa haijagandishwa. Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya penseli, Kiswahili cha kambini, herufi kubwa kubwa. Kwanza jina, ambalo si jina langu. Kisha: "Mimi mtu ya Kianjai. Hii picha natoa kwa rafiki yangu mtu ya Embu, na yeye natoa yake kwangu. Sisi watu ya kuingia nyuma ya adui. Kama mimi nakufa yeye napeleka kwa nyumba yangu. Kama yeye nakufa mimi napeleka."

Nilikaa sakafuni na fremu tupu mapajani. Jambo lilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Kaka yake cucu alipokufa, sanduku lake la bati lililetwa nyumbani na askari mwenzake. Ndani mlikuwa na picha moja. Familia ikaona mwanamume mwenye sare na ikasema ni wetu huyu, nani mwingine. Hawakusoma nyuma, kwa sababu hakuna aliyejua kusoma, na waliojua baadaye walikuta tayari ina kioo. Hawakuwaza kwamba mtu hatembei na picha yake mwenyewe. Yake alikuwa ameshampa rafiki.

Kwa hiyo nimefundishwa kusimama kama mtu wa Kianjai, kule Meru.

Kosa langu lilikuwa kumwambia baba mkubwa kwanza. Nilimkuta shambani akichuma muguka, yale majani ya kutafuna, na hakuacha kuchuma.

"Umesomea kuhesabu," alisema. "Nani alikutuma kwenye masikio?"

"Imeandikwa nyuma, baba mkubwa. Jina liko."

"Jina la mwenye kalamu. Huenda mjomba aliazima kalamu yake."

"Ni penseli."

"Sawa, penseli. Unataka kumwambia mama yangu kwamba miaka hii yote amesalimia Mmeru?" Alitupa shada kwenye gunia. "Tengeneza bango. Hayo mengine tutaongea baada ya shukrani."

Sikutengeneza bango, na pia sikufanya lolote la maana. Kila siku nilifungua faili, nikatazama sikio, nikaifunga. Mwishowe nilimpigia rafiki yangu wa chuo anayefundisha shule ya msingi huko Kianjai, nikamsomea jina. Nilitumaini, kusema kweli, kwamba ukoo huo haupo tena. Alilipeleka kanisani kwao likasomwa kwenye matangazo, na juma lile lile akanipigia.

"Yuko binti yake," alisema. "Mama mzee. Babake alimwacha tumboni. Hajawahi kumwona hata kwenye karatasi. Anataka kuongea na wewe, amekaa hapa, amevaa viatu vya kanisani."

Sauti ya yule mama ilikuwa kubwa, kama ya mtu asiyeiamini simu.

"Wewe ndiye una baba yangu?"

"Nina picha, mama."

"Ana mwanya? Mama yangu alisema alikuwa na mwanya."

"Amefunga mdomo."

"Kwa nini amefunga? Haya. Ananifanana?"

"Sijakuona, mama."

"Hiyo ni kweli," alisema. "Basi njoo unione, halafu uniambie."

Mwalimu alichukua simu akatoka nje nayo. Aliniambia jambo ambalo mama mwenyewe hakulisema. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kula jicho moja, na la pili daktari alisema halina muda. Mchana, karibu na mlango, bado aliona sura. "Usingoje shukrani ya ukoo wenu," alisema. "Ukichelewa utamletea karatasi ya kupapasa."

Nilirudi kwa baba mkubwa. Alisema nipeleke nakala baada ya ibada, basi, na nisiseme neno kwa cucu. Nilimuuliza kama jicho la mtu linajua tarehe ya ibada yetu. Aliniambia hivi ndivyo chuo kinavyoharibu watoto. Tulitupiana maneno pale uani mpaka mkewe akatokea na sufuria na kutuuliza kama tunagawana shamba.

Kesho yake nilimwambia cucu. Alikuwa barazani akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye utangulizi, lakini nilipofungua kinywa nilianzia mwisho.

"Cucu, yule wa ukutani si kaka yako. Ana masikio mazima."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa, akatoa jingine.

"Nani aliifungua?" aliuliza.

"Mimi."

"Bila kuniambia."

"Ndiyo, cucu."

Nilimsomea maandishi, nikamwambia habari za mama wa Kianjai na macho yake. Alinisikiliza bila kunitazama. Kisha akasema, "Kwa hivyo wangu hana sura."

Nilisema labda picha yake iko kwao Kianjai, kwenye sanduku la yule mwingine. Ilikuwa labda moja zaidi, na nilijichukia kwa kuitoa, kwa sababu niliona jinsi alivyoipokea. Mikono ilisimama juu ya ungo.

"Na wewe tulikuwa tukikuambia unamfanana," alisema baadaye.

"Mliniambia."

"Mtoto mjinga. Si ungekataa?"

Kwa siku mbili hakuniita kaka. Aliniita kwa jina, kama mwalimu anayeita majina ya daftarini. Siku ya tatu, Jumamosi, siku moja kabla ya shukrani, nilivaa nguo safi na kumwambia ninakwenda Kianjai. Alisema, "Waulize kama wanaye wangu." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na ukuta wangu usibaki mtupu. Huyo nimemsalimia asubuhi nyingi mno."

Ndani ya bahasha nilibeba picha mbili, ile ya asili na nakala niliyochapisha mjini Embu kwenye karatasi nzuri. Sikujua nitatoa ipi. Kufikia Chuka nilikuwa nimeamua nakala. Kufikia Nkubu, ya asili. Ya asili ina mwandiko wake. Lakini ya asili ndiyo cucu aliyoizoea, na baba mkubwa angesema nimeiba. Lakini nakala ni safi zaidi, na jicho bovu lingeiona vizuri. Lakini nani huletewa baba yake kwa nakala? Niliichosha akili yangu hivyo mpaka nikatamani mtu yeyote, hata mgeni aliyeketi karibu nami garini, aniamulie.

Yule mama alikuwa amewekewa kiti mlangoni, uso ukielekea mwanga. Mwalimu alisimama nyuma yake. Nilimsalimu, nikakaa kwenye kigoda, na kabla ya kutoa chochote nikauliza swali la cucu, maana niliona ni haki. Je, kwao kulibaki picha ya mtu wa Embu?

"Sanduku la baba lilikuja," alisema. "Mama alilificha darini. Wakati wa Hali ya Hatari, siku za mkoloni, tulifukuzwa tukahamie kijiji cha serikali, na nyumba zikachomwa nyuma yetu. Sanduku lilikuwa ndani. Kama mtu wenu alikuwemo, alichomeka na vitu vyetu." Akatikisa kichwa. "Mwambie nyanya yako pole. Mwambie hatukujua tuna mgeni."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hali. Cucu hana kitu, na nikiiacha ile ya asili hapa hatakuwa hata na karatasi iliyotoka kwenye sanduku la kaka yake. Nilihisi hasira, na sikuwa na wa kumpelekea. Waliochoma nyumba ni marehemu. Askari aliyeleta sanduku ni marehemu. Rafiki wawili walipatana vizuri, wakaandika, wakaweka sharti, na hakuna kati yao aliyebaki wa kulitimiza. Sharti lilikuwa bado linadai lile lile, kwamba picha ipelekwe kwa nyumba yake. Halikusema chochote kuhusu nakala.

Nilitoa ile ya asili nikaiweka mkononi mwake.

Aliiinua mpaka ikakaribia kugusa jicho lake la kulia, akaisogeza kidogo, akaielekeza kwenye mwanga. Kuku aliingia, mwalimu akamfukuza kwa mguu.

"Kofia imemfunika," alisema yule mama. "Si angeivua?" Kisha, bila kuishusha picha, "Sasa niangalie mimi. Uniambie."

Niliwaangalia wote wawili. Paji la uso halikuonekana kwa sababu ya kofia. Kidevu kilikuwa kile kile, kimejitokeza mbele kidogo, na masikio yao yote yalilala karibu na kichwa. Nilimwambia hivyo, kidevu na masikio, na kwamba hayo mengine siwezi kuyaapia. Alikubali kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya haki. Akaniomba nimsomee ya nyuma, polepole. Nilipomaliza akaniomba tena.

Aliniuliza kama nitairudisha picha. Nilimwambia hapana, imefika. Nilirudisha nakala kwenye bahasha, ya kupeleka ukutani kwa cucu, na hapo hapo kwenye kigoda nikamwandikia baba mkubwa: "Picha ya asili nimeiacha Kianjai kwa mwenyewe. Cucu nitamwambia mimi leo. Kwenye bango tutaandika jina la mjomba wenu bila sura, kwa sababu sura yake hatuna." Nikaituma kabla sijaisoma mara ya pili.