Miaka Nilipokatazwa Kofia

Sisi tuliokulia Bwera, mpakani na Kongo, miaka ya elfu mbili na kumi, simu nyingi zikiwa bado za kubonyeza, tulilelewa vizuri sana. Jua tulipewa bila kipimo. Asubuhi tulianika kahawa kwenye turubai, mchana tukafukuza kuku wasiipekue, jioni tukacheza kwepena, kukwepa mpira wa majani ya migomba mpaka ufumuke. Jumamosi tulioga katika mto Lhubiriha, kisha tukajianika juu ya mawe kama nguo. Vijana wa leo wakitoka mlangoni hadi kwenye boda wanalalamika kwamba jua linawaunguza, na boda yenyewe imefungwa mwavuli.

Mimi nina ualbino. Kwa mama tulizaliwa wasichana wawili: Masika, mweusi wa kung'aa, na mimi, Biira. Majirani walikuwa wakarimu mno kwa elimu. Walijua kwamba watu kama mimi hawafi, hupotea tu. Walijua kwamba mama, alipokuwa na mimba yangu, aliwahi kumcheka mtu kama mimi. Walijua nisile chumvi nyingi. Katika elimu yote hiyo, ajabu, kofia haikutajwa hata siku moja.

Shuleni hedimasta wetu alipenda nidhamu. Jumatatu tulisimama uwanjani kwa asembli, na hotuba yake haikuwa na tabia ya kuisha. Siku moja nilikwenda na kofia pana ya baba.

"Biira, wewe ni afande?" aliniuliza mbele ya shule nzima.

"Hapana, sir."

"Basi vua. Hapa siyo barracks."

Watoto walicheka. Nami nilicheka, nisionekane sijaelewa utani. Uso ulikuwa ukibabuka na midomo ikipasuka, na mwalimu mmoja mwenye huruma akanishauri nijipake mafuta ya mgando kwa wingi. Nilitii. Nikasimama pale juani nikiwa nang'aa kama samaki kwenye kikaango.

Nilipokuwa P6, yaani darasa la sita, kidonda kilitokea kwenye ukingo wa sikio langu. Kilikuwa kidogo, kama punje ya mahindi, wala hakikuuma. Kiliota gamba, gamba likabanduka, kikatoa damu, kikaota gamba tena. Mabingwa wa mtaa hawakutuacha peke yetu. Mmoja alileta dawa ya meno. Mwingine alisifu unga wa betri. Shangazi alisema ni kitana tu, nikome kujichana kwa nguvu. Kila mmoja alikuwa na uhakika kabisa, na kidonda kikaendelea na shughuli zake.

Masika ndiye aliyemaliza mjadala. Alikuwa akinisuka, akaona damu kwenye vidole vyake.

"Mama," alisema, "hiki kidonda kilikuwepo Krismasi. Pasaka nayo imeshapita."

Kesho yake tulikuwa hospitalini. Nesi aliinamia sikio langu muda mrefu.

"Mama, hii kidonda iko na muda gani?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni miezi ngapi?"

Mama alihesabu kwa vidole. Alipofika cha tano, aliukunja mkono wake akauficha chini ya leso.

Tulitumwa hospitali kubwa. Wakakata kinyama kidogo cha kupima, wakatuambia tusubiri majibu. Wiki hizo mama aliacha kabisa kuimba jikoni, na Masika akawa ananiachia kipande kikubwa cha samaki bila kugombana. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Ni kansa ya ngozi," daktari alisema siku tuliporudi. "Lakini mmeiwahi."

"Kansa?" mama aliuliza. "Huyu ni mtoto!"

"Jua limekuwa likimchoma tangu azaliwe. Ngozi yake haina kinga kama yako." Kisha akatueleza taratibu: kofia pana, mikono mirefu, kukaa kivulini kuanzia saa nne mpaka jua lipoe, losheni ya kukinga jua kila baada ya muda, na kidonda chochote kisichopona ndani ya mwezi kiletwe haraka.

"Kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia?" mama aliuliza.

Daktari alitazama karatasi zake. Akaandika tarehe ya upasuaji.

Walikitoa kidonda pamoja na kipande cha sikio. Niliporudi shule, mama alinisindikiza, kofia ikiwa kichwani mwangu. Hedimasta alitupokea kwa tabasamu.

"Mama Masika, sheria ni sheria."

Mama alinivua kofia mwenyewe, akainua bandeji taratibu. "Sheria yako ndiyo hii, sir. Itazame."

Aliitazama. Kisha akaigeukia bendera ya uwanjani. "Avae," alisema.

Jumatatu iliyofuata alitutangazia kwamba shule yetu siku zote imejali ngozi ya kila mtoto. Tulipiga makofi. Asembli ikahamia kivulini, kando ya darasa la P7, na baada ya wiki mbili nusu ya darasa langu ilikuwa na ugonjwa wa ngozi unaohitaji kofia. Masika naye alijipaka losheni yangu kwa siri ili awe mrembo, akaenda kanisani akiwa na rangi ya majivu.

Siku hizi vijana wanajirekodi wakipaka losheni kama hiyo, na wana maelezo marefu kuliko ya daktari wetu. Ningependa mama angepata hata nusu ya maelezo hayo nilipokuwa bado mgongoni mwake. Mwezi uliopita, sokoni karibu na mpaka, nilimwona mwanamke wa upande wa Kongo amebeba mtoto mwenye ualbino. Kichwa cha mtoto kilikuwa wazi, na simu ya mama yake ilikuwa kubwa na nzuri.

"Mama, mfunike kichwa," nilimwambia.

"Mutoto analiaka nikimuvalisha kofia."

"Mwache alie, lakini avae." Nikamweleza kwa nini, kila kitu, tumesimama kwenye kivuli cha duka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," alisema. "Hakuna mutu aliniambia."

Alifungua kitambaa chake cha kichwani, akamfunga mtoto vizuri. Mtoto akaangua kilio hapo hapo, na akaendelea kulia kwa nguvu zake zote mpaka walipovuka kurudi Kongo. Nilisimama nikimsikiliza. Sikuwa nimesikia sauti tamu kama ile kwa muda mrefu.