Mchu Wangu

Bi Barke alianza kujifunza kuandika akiwa na miaka sitini na mitatu, kwa sababu kaka yake alikuwa kiziwi.

Mukhtar alikuwa mzamiaji wa kambakoche, na masikio yake yaliharibika baharini angali kijana. Mwaka 1991, vita vilipofika kisiwani Chovae, alipanda mashua iliyokuwa ikienda Kenya. Mama yao alikataa kuondoka, na Barke akabaki naye. Mukhtar hakuaga, maana alijua mama akimshika mkono hatatoka. Kwa zaidi ya miaka thelathini Barke hakujua kama yuko hai.

Kituo chetu cha kisomo kilikuwa chumba kimoja cha skuli: simu sita, paneli ya sola, na dishi la intaneti juu ya bati. Serikali ndiyo iliyolipia, kwa miaka miwili. Kisiwani hakuna mnara wa simu, kwa hiyo dishi lile ndilo lililokuwa njia yetu pekee ya mawasiliano. Mimi nilitumwa kutoka Kismayo kufundisha. Katika mwaka wa pili tulimpata Mukhtar mtandaoni: yuko Mombasa kwa binti yake Rawda, anaugua figo.

Ujumbe wa sauti haukumfaa. Barke akakaa na herufi.

Aliandika kama anavyosema. Sisi wa pwani hii husema mchu, hatusemi mtu, na mama yao alimwita Mukhtar "mchu wangu" mpaka alipoota ndevu. Lakini kila Barke alipoandika mchu, simu ilimalizia yenyewe: mchuzi. Jirani yake Bimkubwa, aliyekaa naye benchi moja, alichungulia akacheka mpaka akashika mbavu.

"Barke, nduguyo ashakuwa mchuzi. Mtie ndimu."

"Angalia yako. Simu imekuandika Bimkubwa bamia."

Nilimwonyesha namna ya kufuta herufi mbili za mwisho. Mara nyingine alikumbuka.

Alhamisi moja, darasa likikaribia kwisha, Mukhtar aliandika kwa mkono wake: *Barke. Mama aliniwia radhi?*

Barke alisoma kwa kidole, neno moja moja. Kisha akaifunika simu kwa kiganja.

Mama yao alifariki miaka kumi baada ya Mukhtar kuondoka. Siku ya mwisho alimwambia Barke, "Akirudi, mwambie mchu wangu nimemuwia radhi." Barke aliyaweka maneno hayo miaka yote bila kuwa na wa kumpa.

"Bi Barke, nitamkie, nikuandikie sasa hivi," nilisema.

"La, mwanangu. Mama alinipa mimi. Nitayaandika mimi, Jumamosi, nikiwa nimetulia."

Sikumshurutisha. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimepata barua kwamba miaka miwili inakwisha na bajeti mpya haikuutaja mradi wetu. Niliandika kuomba muda, nikajibiwa nisubiri. Wanafunzi sikuwaambia. Nilidhani tunazo wiki kadhaa.

Jumamosi Barke alikuja amevaa leso mpya. Aliandika karibu saa nzima, akabonyeza. Chini ya maneno ikatokea alama ya saa, ndogo kama punje.

"Hii saa ni ya nini?"

"Inasubiri."

"Inamsubiri aamke," akasema, akaridhika, akaenda nyumbani.

Nilipanda juu ya bati. Dishi lilikuwa zima, taa inawaka. Huduma ndiyo iliyokatwa.

Boti ya kwanza ilikuwa Jumatano. Nilichukua simu ya Barke, nikamwambia naipeleka mjini itengenezwe. Tulipoikaribia Kismayo mtandao ulishika, na ile saa ikatoweka. Hapo ndipo nilipoona alichokuwa ameandika: *Mchuzi wangu mama alikuwia radhi.*

Jibu lilikuja kabla sijashuka. Liliandikwa na Rawda.

*Shangazi, baba tulimzika jana baada ya alasiri. Alikuwa akiniuliza kila mara kama umejibu. Mchuzi ni nini?*

Nilirudi Chovae Ijumaa. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia. Barke alikuwa uani anaanika samaki. Aliona uso wangu, akaufuta mkono kwenye leso.

"Yalifika?"

"Yalifika, Bi Barke. Keti kwanza nikusomee jibu."

"Nipe. Najua kusoma."

Nilimpa. Kidole chake kilianza kwenye *Shangazi*, kikaenda polepole. Kwenye *tulimzika* kilisimama, kikarudi nyuma, kikapita tena juu ya herufi zile zile, kama vile nilivyomfundisha kufanya akiwa na shaka. Alifika mwisho.

"Mtoto hajui neno la bibi yake," alisema. "Lazima nimwandikie."

Akaanza kuandika. Safari hii alikumbuka kuzifuta zile herufi mbili. Alipobonyeza, ile saa ikatokea, naye akakaa na simu mapajani, anaitazama.